Kilo Thelathini na Tatu

Mwezi uliopita nilipanda Mkunya kumzika Mama Felista. Nilikwenda na gari langu mwenyewe, nimevaa suti ya kijivu, na kiti cha nyuma nimepakia mchele, sukari na mafuta vya kusaidia msiba. Sioni aibu kusema hayo. Nilijisomesha kwa kubeba zege na kulinda stoo ya mbao, nikapata stashahada ya afya ya mifugo, nikafanya kazi mikoa mitano, na nilipoamua kurudi kusini nilirudi na kitu cha kuonyesha. Pale Mkomaindo, Masasi mjini, nina nyumba yenye maji jikoni na bafuni, na duka la dawa za mifugo ambalo watu wanalifuata kutoka vijiji vya mbali. Cheti changu kiko kwenye fremu ya kioo sebuleni, na nimepanga makochi ili mgeni akikaa popote akione. Watu wengi tulioanza nao wako palepale walipokuwa. Mimi nimetembea. Basi nilishuka garini pale msibani nikitegemea kuonekana, na kweli nilionekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chakula alisimama na sinia mkononi, akaniangalia kuanzia viatu hadi usoni.

"Shikamoo, Bwana Mifugo," akasema.

Ilikuwa miaka mingi sijaitwa hivyo. Siku hizi naitwa Baba Joeli, au Mzee, au Daktari kwa wasiojua tofauti. Nikamtambua kwa meno yake ya mbele yaliyoachana. "Marahaba, Felista. Pole sana na msiba."

"Tumepoa. Umenenepa. Kaa hapo kwenye mkeka nikuletee ugali. Bado unakula wa muhogo, au uliuacha hukohuko?"

Nilikula. Ulikuwa ugali mweupe wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, chakula kilekile alichonipikia marehemu mama yake kila siku ya mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na kila tonge lilinirudisha ndani ya chumba kile.

Kilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya udongo, na nilipanga kwa sababu kijijini hapakuwa na nyumba ya mtumishi. Kitanda cha kamba, meza moja ya mninga iliyopinda mguu, dirisha la ubao lisilofunga vizuri. Juu ya dari Mama Felista alihifadhi makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, na unga mwepesi ulidondoka siku nzima juu ya vitabu vyangu, hata nikazoea kuvipangusa kabla ya kuvifungua. Ukuta ulionitenganisha na jiko haukufika juu, kwa hiyo moshi uliingia, na maneno pia. Kijana wa miaka ishirini na minne mwenye cheti kipya hapendi kukaa mahali ambapo anasikika akikohoa. Lakini nilihudumiwa vizuri kuliko nilivyostahili. Maji kule juu uwandani yalikuwa taabu kubwa. Mama Felista alishuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kichwani, ndoo juu na dumu mkononi, na alipofika aliyagawa kwa kikombe cha plastiki cha kijani: ya kupikia, ya kunywa, ya mtoto. Kisha akasema, "Na haya ya koti la Bwana Mifugo." Nilikuwa na koti jeupe la kazi. Lilifuliwa kila Jumamosi. Sikuwahi kujiuliza Jumamosi wao walioga kwa maji yapi.

Mama Felista alikuwa mjane, na nyumbani alikuwa na Felista tu, binti wa darasa la saba mwenye akili ya ajabu. Nasema hivyo mimi niliyepitia mitihani mingi na ninayejua akili ikoje. Nilikuwa nikifanya hesabu za kupima dawa mezani, yeye akipita na fagio ananiambia jibu kabla sijamaliza kuandika. Mwalimu wake alishasema huyu atachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na miaka ile katika shule nzima walichaguliwa wawili, watatu. Tatizo lilikuwa shamba. Lilikuwa ukingoni, mahali uwanda unapoanza kuporomoka kwenda bondeni, na nyani walipanda kutoka huko mchana kweupe. Mbegu ya mahindi ikishachipua mwezi wa kwanza, nyani anachimbua mche mmoja mmoja kwa utulivu, kama mtu anayevuna karanga zake. Lazima mtu awe juu ya dungu, ule ulingo wa miti wa kulindia, tangu jua linatoka hadi linazama. Mama alikuwa kwenye maji nusu ya siku. Aliyebaki alikuwa Felista. Akienda bweni, hakuna mahindi, na bila mahindi hakuna chakula cha mwaka. Mama Felista alilisema hilo mbele yangu bila kulalamika, kama mtu anayetaja umbali wa njia. Kisha akaongeza, "Labda nipate mbwa. Mbwa mkubwa nyani wanamheshimu. Mdogo wanamchana."

Mwezi wa nane wakaja mbwa wawili. Wa kwanza aliletwa na mjomba wake Felista, Mzee Akwilini, mwindaji wa Chiungutwa, mtu mfupi aliyesukuma baiskeli hata mahali pa kuipanda. Alikuwa jike mzima wa kienyeji, rangi ya vumbi, sikio moja limechanika vipande viwili. "Anaitwa Sikio," mzee akasema. "Nyani wa upande wangu wanamjua kwa jina." Wa pili aliletwa na binamu yao aliyekuwa mlinzi Masasi, kwenye nyumba ya mtaalamu mmoja wa kigeni wa visima. Huyu alikuwa mtoto, mweusi mgongoni na kahawia tumboni, tumbo la duara, na miguu mikubwa kupita kiasi, minene kama amevalishwa soksi. Mama yake alikuwa mbwa wa mtaani tu. Baba yake, mlinzi alisema, alikuwa yule mbwa dubwana wa mzungu. "Akisimama anakuwekea mikono mabegani. Nimemwona kwa macho yangu. Na mtoto huyu ana wiki kumi na nne tu, tazameni miguu hiyo!"

Mama Felista akawatazama wote wawili kwa muda. "Ugali wangu unatosha mbwa mmoja," akasema. Kisha akageuka kwangu. "Bwana Mifugo, wewe ndiye umesomea. Huyu mdogo atafika wapi?"

Sijui kama naweza kueleza utamu wa swali lile. Nilikuwa na miezi miwili kazini na nilikuwa sijaulizwa chochote cha maana zaidi ya kuku. Nikasema hatukisii, tunapima. Nikavaa koti, tukaenda ghala la chama cha msingi cha ushirika, lililokuwa tupu kwa sababu msimu wa korosho haujafunguliwa, na kundi la watu likatufuata. Tulimtia mtoto wa mbwa ndani ya gunia la korosho, tukamning'iniza kwenye ndoano ya mizani. Karani wa ghala akapaza sauti, "Daraja la kwanza au la pili huyo?"

"Hajaanikwa, ana unyevu bado!" mwingine akajibu, na watu wakacheka.

Kilo tisa. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa ghala: tisa gawanya kwa wiki kumi na nne, zidisha kwa wiki hamsini na mbili za mwaka. Niliandika polepole ili waone. Felista, aliyekuwa amesimama karibu na kiwiko changu, alinong'ona, "Thelathini na tatu na kidogo," nami nikaandika thelathini na tatu, nikapiga mistari miwili chini yake. Kilo thelathini na tatu. Watu wakaguna. Mbwa wa kienyeji aliyeshiba vizuri hafiki ishirini.

Hapo Mzee Akwilini akasema kwa upole kabisa, "Mfungue mdomo, mwanangu, tumwone meno."

Nakumbuka nilivyojibu, na nakumbuka mkono wangu ukipangusa chaki. "Mzee wangu, hayo ni mambo ya porini. Hapa tumetumia hesabu."

Watu wakacheka tena, na yeye akacheka nao, maana alikuwa mtu asiye na makuu. "Na hiyo miguu," akasema, "mimi naona kama ina..." Lakini kelele zilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa nimeshageuka kumweleza Mama Felista kwamba mtoto mwenye nyayo kubwa huwa anazifuata. Kupiga magoti kwenye mchanga ule mwekundu na kumshika mbwa mwenye udenda kungelichafua koti, na lilikuwa limefuliwa juzi tu. Yote yaliyofuata yaliingilia hapo.

Mzee Akwilini akaondoka na Sikio. Nilisikia baadaye alimpa mkulima mwingine kulekule kwao. Mtoto wa mbwa akabaki, na Felista akampa jina siku hiyohiyo: Thelathini na Tatu. Likafupishwa kuwa Thelathini. Mimi nilichukua mkaa nikachora mstari kwenye mwimo wa mlango wa jiko, juu kidogo ya goti langu, kuonyesha mgongo wake utakapofika ifikapo mwezi wa kwanza. Kila Jumapili baada ya kanisa Felista alimsimamisha pale na kuchora alama ndogo. Alimlisha kwa mkono wake. Kila alipopewa ugali, alimega kipande akakificha chini ya mguu, kisha akampelekea Thelathini nje akidhani hatumwoni. Mama yake alimwona. Akaanza kumwongezea tonge, akijipunguzia mwenyewe. Na mimi niliwaona wote wawili, nikaona ni jambo zuri, kwa sababu mbwa anayekua anahitaji chakula.

Mwezi wa kumi, mchana mmoja, nilikuwa mezani kwangu nakula, nao walikuwa jikoni upande wa pili wa ukuta. Nilisikia mbwa akilia kidogo, kisha Felista: "Shika kichwa, mama. Huyu ni mkubwa. Tazama mfuko wake."

"Taratibu na hiyo pini. Wangapi sasa?"

"Mguu huu peke yake kumi na moja. Kati ya vidole wamejaa."

Nikaacha kutafuna. Walikuwa wakimtoa funza, wale viroboto wanaoingia kwenye nyama ya mguu na kutaga mayai. Kila mtoto aliyekulia kwenye mchanga wetu anawajua. Mimi mwenyewe nilitembelea visigino mwaka mzima nilipokuwa darasa la pili, na siku nilipovaa viatu niliapa kuusahau mwaka ule. Niliusahau vizuri.

"Mama," Felista akasema, "miguu inasinyaa. Tangu tuanze kumtoa imekuwa midogo."

Kuni ikapasuka. "Usimwambie Bwana Mifugo."

"Kwani hakuona?"

"Ataona vipi? Msomi hatazami chini. Tena atajisikia vibaya, ni mgeni wetu. Ngoja kwanza, huenda kweli wanakua baadaye."

Nilikimaliza chakula changu. Jioni nilimpa mbwa dawa ya minyoo, bure, kutoka kwenye boksi langu la kazi, na nikajiona nimetenda wema. Wiki iliyofuata tumbo lake la duara lilikuwa limeisha. Tulipompima tena alikuwa na kilo nane na nusu. Karani wa ghala akasema, "Bwana Mifugo, huyu wa kwako anapungua kama korosho zilizoanikwa," na kuanzia siku hiyo wavulana wa kijiji waliniita Bwana Thelathini nikipita na baiskeli. Niliwaambia watu kwamba mbwa wa mchanganyiko hukua kwa vipindi, anatulia kisha anaruka. Nililisema kwa sauti ya chuo. Mama Felista aliitikia, "Sawa, baba," akaenda kufunua chungu.

Mwezi wa kumi na mbili yakatoka majina, na Felista alikuwamo. Mama yake alicheza pale uani na kanga kiunoni, peke yake, bila ngoma, huku mimi na mbwa tukimtazama. Aliazima sanduku la bati kwa dada yake Newala mjini, akalisugua kwa majivu likang'aa, akaliweka chumbani kwangu kwa sababu jikoni moshi ungelichafua. Nililala nalo wiki tatu. Ndani yake mlikuwa na sare moja, sabuni ya mche iliyokatwa vipande vinne, na daftari aliloliandika jina lake na chini yake, Kidato cha Kwanza.

Siku chache kabla ya kupanda mahindi, wao wakiwa shambani, nilimwita Thelathini nyuma ya jiko. Hapakuwa na mtu. Sikuvaa koti. Nikapiga magoti, nikamfungua mdomo. Mtoto wa mbwa wa wiki kumi na nne ana meno ya maziwa, madogo na makali kama sindano, na hata akifika miezi minane bado meno yake ni meupe kabisa. Huyu alikuwa na meno yote arobaini na mawili ya utu uzima, na yale marefu yalikuwa yameanza umanjano kwenye shina. Hakuwa mtoto siku ile ghalani. Alikuwa mbwa mzima mdogo, mwenye minyoo tumboni na funza miguuni, na alikuwa amemaliza kukua kabla hajaletwa. Kama mlinzi alidanganya au alichanganya uzao, sikuwahi kujua. Mimi nilihitaji nukta moja tu kujua, na nukta hiyo nilikuwa nayo tangu mwezi wa nane.

Nimefanya mambo mengi ninayojivunia, na nimeshayataja. Hili nalitaja kwa sababu wiki ile bado palikuwa na nafasi. Ningewaambia, wangeweza kumwendea Mzee Akwilini, wangeweza kutafuta mtu wa kulinda kwa sehemu ya mavuno. Hata mimi nilikuwa na likizo ya wiki mbili mwezi wa kwanza, na dungu halihitaji stashahada. Wazo hilo halikunijia kabisa, limenijia nikiwa na mvi. Nilichofanya ni kunyanyuka, kupangusa magoti na kuosha mikono kwa kikombe kizima cha kijani. Waliporudi, Mama Felista aliniuliza, "Bwana Mifugo, imebaki muda mfupi. Ataruka kweli?" Nikasema, "Tumpe muda."

Mahindi yalichipua wiki ileile ambayo shule ilifunguliwa. Mama akasema Felista asubiri siku chache mpaka Thelathini azoee shamba. Felista alivaa sare asubuhi ya kwanza, akaivua, akaikunja sandukuni, akaenda dunguni na mbwa. Siku ya nne alirudi saa saba mchana amembeba kwenye kanga. Nyani dume alikuwa ameingia upande wa miche, na Thelathini, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni mdogo, alimfuata. Yule dume hakukimbia. Alimshika, akamchana, akamwacha. Felista aliniletea mimi, moja kwa moja, akamlaza juu ya meza yangu. "Mshone," akasema. Nilijaribu. Nilikuwa na uzi na nilijua kushona, kwenye hilo sikuwahi kushindwa darasani. Alikufa kabla sijafunga fundo la pili. Felista alimtazama, kisha akaangalia koti langu, akasema, "Limeingia damu. Nitalifua."

Kule bweni wakasubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha nafasi ikapewa mwingine. Sanduku likarudishwa Newala. Mwezi wa sita nilipata uhamisho wa Morogoro na nikaukubali siku hiyohiyo. Mama Felista alinifungia korosho za kukaanga kwenye gazeti na kuniombea safari njema. Mstari wa mkaa ulikuwa bado kwenye mwimo wa mlango, na alama za Jumapili zimerundikana chini yake, mahali pamoja.

Asubuhi ya siku ya pili baada ya maziko, nikiwa bado pale msibani, Felista alikuja na kitinda mimba wake, binti wa darasa la saba anayeitwa Zawadi, mwenye mwanya kama wa mama yake. Nyumba ya udongo haipo tena, wamejenga ya tofali, na mlango wa jiko ni wa bati. Zawadi alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbwa wa rangi mbili, mwenye miguu minene.

"Jirani ametuletea," Felista akasema. "Anasema bado mtoto, atakuwa mkubwa. Nitazamie, Bwana Mifugo."

Wazee walikuwa wakitazama kutoka kwenye mkeka. Nilipiga magoti kwenye mchanga na suti yangu. Nilinyanyua mguu mmoja mmoja na kutenganisha vidole. Kisha nikamfungua mdomo, nikaushikilia wazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hakui tena," nikasema.

"Hata kidogo?" Zawadi akauliza.

"Hata kidogo."

Felista akaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Meno nilishayaona. Nilitaka nikuone wewe ukiyatazama."

Hakulisema kwa ukali, na ningependelea angelisema kwa ukali. Alimpa binti chupa ya maji na kipande cha muhogo uliochemshwa, akamwambia awahi, miche ilikuwa imeshatoka. Zawadi akavuta kamba, akashika njia ya ukingoni kuelekea dunguni, mbwa akimfuata upande. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na kutoka shuleni nilisikia wenzake wakiitikia mwalimu kwa pamoja.